Shahada ya Sanaa za Maonyesho: Kuusoma Mchezo au Kuucheza?

Mzazi akisikia kwamba mwanawe amechaguliwa Chuo Kikuu kusomea sanaa za maonyesho, huenda akauliza: hivi ngoma nayo inasomewa miaka mitatu? Babu zetu walicheza bila cheti. Swali hilo lina dharau kidogo, lakini tusilipuuze, maana linagusa jambo ambalo wasomi wenyewe hawajalimaliza.

Idara ya sanaa hizo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa katika miaka ya 1960, wakati ambapo mchezo wa kuigiza, kwa wengi waliopita shule za mkoloni, ulikuwa ni ule wa Kizungu, wenye jukwaa na pazia. Wasomi wa idara hiyo walilipinga wazo hilo. Walishikilia kwamba majigambo ya Wahaya, utambaji wa hadithi na ngoma za jando na unyago ni sanaa za maonyesho kamili, wala si pambo la kuongezwa katika michezo ya wengine. Humo chuoni ndimo alimosoma Ebrahim Hussein, aliyetoa Kinjeketile mwaka 1969, na Penina Muhando, aliyetoa Hatia mwaka 1972 na Nguzo Mama mwaka 1982.

Hata hivyo, mavuno hayo yanapofika darasani hugeuka kuwa maandishi matupu. Chukua Kinjeketile. Shujaa huyu, akiwa amepandwa na Hongo, anawatabiria watu umoja na ushindi juu ya Wajerumani. Kisha kinywa chake kinatamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akipata fahamu, anashtushwa na maneno yake mwenyewe. Mwanafunzi wetu ataandika: dhamira ni umoja, imani na ukombozi. Atapata alama zake. Lakini umati unaoshangilia usimame wapi, na mtu mmoja aliyeingiwa na hofu katikati ya shangwe anyamaze kwa muda gani? Hapo ndipo ilipo shaka yote ya mchezo ule, na insha haiwezi kuifikia.

Wapo wasemao kwamba kazi igawanywe: kutenda kuachiwe Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, na kufikiri kuachiwe Mlimani. Mgawanyo huu mimi siukubali. Mhakiki asiyepata kusimama mbele ya watazamaji huhakiki kivuli.

Ushahidi mzuri zaidi uko Malya, wilayani Kwimba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa chuo walikwenda huko bila mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza pamoja nao matatizo ya pale, likiwamo la mimba za wasichana, na maonyesho yakatungwa na vijana wa Malya kwa ngoma walizozijua; baada ya kucheza, watu wakajadiliana. Haya ndiyo majibu ya kumpa yule mzazi. Babu alicheza vizuri, pengine kuliko mhitimu yeyote. Bali kuingia katika kijiji cha wenzako, kusikiliza, kuchunguza, na kuligeuza tatizo kuwa onyesho ambalo wenyewe watalikubali au kulikataa, hiyo ni elimu ya kusomewa. Miaka mitatu kwa kazi hiyo si mingi.

Basi shahada itakayompima kijana kwa insha peke yake itatuletea walimu wa insha. Nimepata kukaa nyuma ya darasa lililojadili Nguzo Mama kwa vipindi viwili. Katika mchezo huo wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo, na kila mmoja anavutwa na shida zake, hata nguzo haisimami. Mjadala ulikuwa hodari, na mwalimu alikuwa na bidii, lakini hakuna mtoto aliyeinua kitu chochote. Hawakujua uzito wa nguzo, wala ni nani anayeachia kwanza, na wengine wanamtazama vipi akishaachia.

Walimu watasema kwamba muda hautoshi na mtihani unakaribia. Ni kweli. Lakini kuonyesha sehemu ile kungechukua vipindi viwili vile vile. Madawati yangesogezwa ukutani, na mti mzito wa kutosha ulikuwa umelala nyuma ya jiko la shule.