Chumba cha Hewa Chini ya Tope

Wanaowaona samaki wenye macho ya kutokeza wakirukaruka kwenye tope la mikoko hushangaa kuwa samaki anatembea. Kwangu mimi, ajabu kubwa zaidi iko chini, shimoni wanakotaga. Ukilifukua tope la pwani kidogo tu unakuta jeusi linalonuka mayai viza, kwa kuwa bakteria wamekwisha kuimaliza oksijeni. Maji yaliyotuama ndani ya shimo nayo hayana nafuu. Yai la samaki likae humo siku kadhaa, litapumua nini?

Swali hilo lilijibiwa mwaka 2007 na Atsushi Ishimatsu wa Chuo Kikuu cha Nagasaki pamoja na wenzake, katika Journal of Experimental Biology. Tangu 1998 Ishimatsu na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba Periophthalmodon schlosseri, samaki mkubwa wa jamii hii anayeishi Malaysia, huweka akiba ya hewa shimoni. Safari hii walimfuatilia Periophthalmus modestus wa Japani, aliye mdogo zaidi, na wakakuta mayai yamegandishwa kwenye kuta za chumba kilichojaa hewa, si maji.

Umbo la shimo ndilo linalowezesha hayo. Njia inateremka, kisha inapinda na kupanda tena hadi kwenye chumba kisicho na tundu juu. Zamisha gilasi kifudifudi ndani ya ndoo ya maji: hewa inabaki imenaswa. Lakini chumba hicho hakijijazi chenyewe. Maji yanapokupwa, dume hutoka, humeza hewa, hufumba kinywa na kushuka nayo kupitia sehemu yenye maji, huku hewa hiyohiyo ikimsukuma juu. Akifika chumbani huiachia, kisha anarudi kuchukua nyingine. Lita moja ya hewa ina oksijeni zaidi ya mara 30 ya ile iliyo katika lita ya maji ya bahari, kwa hiyo hata mafunda ya samaki mdogo si haba.

Kilichonivutia zaidi katika utafiti huo ni kwamba dume hafanyi kazi hii kwa mazoea tu. Oksijeni ya chumbani ikipungua, naye huongeza kasi ya kubeba hewa. Maana yake anaipima hali ya chumba kwa namna fulani, kisha anarekebisha mwendo wake. Na muda wa kujaza ni mfupi, kwani bahari ikirudi mlango unafunikwa, na mayai hubaki na akiba iliyowekwa mpaka maji yatoke tena.

Hadi hapo mtu angesema ni baba mwema mwenye mashavu makubwa. Ila mayai yakishakomaa yanahitaji kinyume cha yote aliyoyafanya. Kinachoyachochea yaanguliwe ni kuzama majini. Basi usiku, maji yanapojaa, dume huingia chumbani, hujaza kinywa hewa na kwenda kuimwaga nje ya shimo, funda baada ya funda. Kila funda linapotoka, maji huchukua nafasi yake, mpaka chumba kinafurika na vifaranga vinatoka. Ni mdomo uleule, njia ileile, ila mzigo umegeuziwa mwelekeo. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ngumu ya kazi yote, maana lazima ajue mayai yamefikia wapi, bahari imefikia wapi, na kama jua limezama.

Pwani yetu ina ndugu wa karibu wa samaki huyo wa Japani, Periophthalmus argentilineatus, anayepatikana kuanzia Bahari ya Shamu hadi Afrika Kusini, na kuelekea mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Ukimkuta kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa, acha kumkimbiza kwanza, umtazame mashavu.

Tukirudi kwenye mayai, faida ya kuanguliwa usiku haihitaji kubahatisha sana. Kifaranga kilichoanguliwa hakina nguvu ya kushindana na mkondo, na hakina pa kujificha kwenye tambarare ya tope. Maji yaliyojaa yatakapoanza kutoka yatakichukua, na gizani ndege na samaki wanaowinda kwa macho hawakioni kirahisi.