Je, Huruma Peke Yake Yatosha?

Nitaanza na kikombe cha chumvi. Wakati wa kampeni za uchaguzi wa Desemba 2023, mtu mmoja aliyetaka kura zetu alifika katika kijiji kimoja cha hapa Kabongo, Dominika, watu walipotoka kusali, akawagawia chumvi. Vigelegele vilipigwa. Mama mmoja mjane wa shirika letu alipokea kikombe chake kwa mikono miwili, kama desturi yetu ilivyo, kisha akanijia akasema: “Mwanangu katekista, chumvi nimeipokea. Lakini nani atamwuliza habari ya daraja?” Sikuwa na jibu, kwani mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kupiga makofi.

Siku zile nilikuwa nasoma hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, aliyoitoa tarehe 16 Oktoba 1970 huko New York mbele ya Masista wa Maryknoll. Mjane wetu hakupata kuisikia hotuba hiyo, lakini swali lake lilikuwa ndani yake. Ndiyo maana nataka kuipima mbele yenu, kwani wako wakristu wanaoisifu bila kuisoma, na wako wengine wanaoiogopa, nao pia hawajaisoma.

Mwalimu alikuwa Mkatoliki wa kweli. Alibatizwa mwaka 1943, akafundisha Tabora na Pugu katika masomo ya wamisionari kabla ya kuingia siasa. Mbele ya masista hakusema kama mgeni, alisema kama mtoto wa nyumbani anayewaambia wazazi wake neno zito. Akasema kwamba shida kubwa ya dunia yetu si umaskini wenyewe, kwa maana elimu na mali za kuushinda zipo. Shida ni kwamba watu wamegawanyika, wengine matajiri, wengine maskini, na tajiri ana nguvu juu ya maisha ya maskini. Kwa hiyo, akasema, Eklezia ikitoa huruma na sadaka tu, bila kupinga mipango inayowafanya watu kuwa maskini, watu wataiona kuwa rafiki wa wenye nguvu. Tena akauliza kama mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu aweza kuachwa katika ujinga, hofu na unyonge, nasi tuendelee kusema kwamba sura ile yaonekana.

Nasema wazi: hapo ana haki. Tazameni soko letu. Mkulima wa Kabongo hulima mahindi kwa jembe la mkono, mke na watoto wakisaidia. Mnunuzi hufika na kopo lake la kupimia. Kopo hilo limepigwa nyundo kwa ndani hata tako lake limetokeza nje, nalo hula mahindi kuliko kopo halali. Kisha mahindi hupakiwa juu ya kinga, na kijana huisukuma siku nyingi katika mchanga, mpaka penye gari la moshi. Kila mmoja njiani anachukua kidogo. Mwisho wa mwaka mkulima yule yule anakuja kwetu kuomba unga. Nasi twampa, twaandika jina lake katika daftari la maskini, na tunafurahi kwa kuwa tumetimiza amri ya Yezu Kristu. Miaka saba nimeshika daftari hilo. Sikuuliza hata mara moja habari ya kopo.

Wengine watasema: habari ya kopo ni siasa, katekista asiiguse. Lakini manabii waliigusa. Amosi hakuogopa kuwataja wanaopunguza kipimo na kuongeza bei. Mwalimu naye hakuiomba Eklezia iwe tawi la chama, wala hakutaka iache kazi yake ya kiroho. Kutetea kipimo cha haki si kupanda jukwaani na kofia ya chama. (Kofia hizo tulizipata nyingi mwaka ule. Nyingine bado zavaliwa shambani.)

Lakini sasa nije penye uzito. Hotuba ni nzuri, ila ina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni ndogo. Mwalimu anasema kwa haraka kwamba wema na uchaji havitoshi. Kweli havitoshi. Ila msomaji mwepesi atafikiri kwamba si kitu, naye atamwacha mgonjwa alale njaa mpaka mipango ya dunia itengenezwe. Mjane wetu alihitaji daraja, na usiku ule ule alihitaji chumvi pia. Msamaria katika Evanjili hakwenda kwanza kwa liwali kushtaki kwamba barabara ya Yeriko haina walinzi. Aliosha vidonda. Baadaye angeweza kwenda kwa liwali, na pengine ilifaa aende.

Kasoro ya pili ni kubwa, nayo haimo katika maneno bali katika matendo. Mwaka 1968, katika maandishi yake juu ya uhuru na maendeleo, Mwalimu alifundisha kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, hujiendeleza wenyewe, na ya kuwa kijiji cha ujamaa hakijengwi kwa kulazimishwa. Mbele ya masista pia alitaka maskini wasaidiwe kushika wenyewe maisha yao. Lakini Novemba 1973 aliamuru kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanakaa vijijini. Mamilioni walihamishwa. Mahali pengi nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili watu wasirudi. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima navyo vilivunjwa.

Sisi wa Kongo twaijua habari hii bila kufundishwa. Wazee wetu wanasimulia jinsi serikali ya Wabelgiji ilivyosogeza vijiji kando ya barabara ili vihesabiwe upesi, na jinsi watu walivyolazimishwa kulima pamba. Wabelgiji nao walisema ni kwa faida yetu. Najua Mwalimu hakuwa na nia ile. Hakutafuta pamba ya kampuni, alitaka maji, shule na dawa kwa kila mtu. Lakini mama anayetazama paa lake likiungua hawezi kuona tofauti ya nia.

Hapa nakumbuka Padri Placide Tempels, Mfransiskani aliyefika Kongo mwaka 1933 akaishi kati yetu Baluba. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka mwaka 1945, na wataalamu wameshindana juu yake mpaka leo. Mimi si mtaalamu. Ninalolishika kwake ni hili tu, kwamba alikuja kama mwalimu, kisha akaona lazima akae chini asikilize. Jamaa, yaani mwendo alioanzisha kati ya wafanyakazi wa migodi, ulitoka katika kusikiliza huko. Hotuba ya New York inazungumza sana kwa ajili ya maskini. Sauti ya maskini mwenyewe haisikiki ndani yake.

Hata hivyo tusimhukumu kama wale wasiokosa kwa sababu hawajafanya kitu. Mwaka 1984 Mwalimu alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari, jambo ambalo nchini kwetu wakati ule hakuna aliyeliota. Alipokuwa mzee aliiweka Evanjili katika utenzi wa Kiswahili. Tangu mwaka 2005 jimbo la Musoma limefungua njia ya kumtangaza mwenye heri, na huitwa Mtumishi wa Mungu. Kama siku moja atatangazwa, nitafurahi, ila nitaomba wanaoandika maisha yake wasiifute miaka ile mitatu.

Nilisoma sehemu za hotuba katika shirika letu, jioni tatu. Jioni ya kwanza wanaume walizungumza juu ya Kinshasa. Jioni ya pili walizungumza juu ya Marekani. Jioni ya tatu mjane wa chumvi alisimama akasema: “Na kopo?” Tukachanga franka, kila nyumba kwa uwezo wake, tukanunua mizani. Wanunuzi wawili wamekataa kupimiwa nayo, wamesema watanunua kijiji kingine. Wakulima wengine wameanza kunilaumu kwamba nimewafukuzia biashara. Mizani imewekwa nyumbani kwangu, chini ya kitanda. Alhamisi ni siku ya soko, na tumekubaliana kwamba mjane ndiye atakayeibeba.