Kamusi ina 'fuliza' yake, soko la Kitale lina yake

Fungua kamusi nzuri ya Kiswahili utafute kitenzi 'fuliza'. Utaambiwa ni kuendelea na jambo bila kusita, yaani kufululiza. Kisha nenda sokoni Kitale uulize. Mama muuza viazi atakwambia kufuliza ni kukopa kwa simu. Na pale Kanduyi, Bungoma, nilimsikia mwanabodaboda akilalama: "Nimefulizwa, buda!" Pesa za abiria zilikuwa zimeingia simuni zikakatwa kabla hajazigusa. Kauli hiyo ya kutendwa hakufundishwa na mwalimu yeyote.

Safaricom ilizindua Fuliza Januari 2019. Aliyebuni jina alijua lugha: mteja aliyepungukiwa afulize shughuli zake, asikwame. Kisarufi sina la kumkosoa. Tatizo ni huduma yenyewe. Kuna ada ya asilimia 1 unapokopa, kisha ada ya kila siku, na pesa yoyote inayoingia hulipa deni kwanza. Machoni pa mteja, kinachofululiza ni makato! Oktoba 2022 ada zilipunguzwa, lakini maana mpya ya neno ilikuwa imeshakita mizizi.

Kabla yake kulikuwa na Okoa Jahazi, sitiari ya watu wa pwani iliyouzwa hadi kwa wakulima wa mahindi ambao jahazi wameliona vitabuni tu. Ukiomba muda wa maongezi wa shilingi 100, unapewa wa 90. Jahazi hilo lilifundisha somo moja: kiasi kinachotajwa sicho kinachofika.

Somo hilo ndilo lililoipokea Hazina ya Hasla ilipozinduliwa Novemba 30, 2022. Riba yake ilikuwa asilimia 8 kwa mwaka, nafuu kuliko mikopo mingi ya simu. Hata hivyo, aliyekopa 500 alipata 475, kwa kuwa asilimia 5 huwekwa akiba. Akiba hiyo ni yake mwenyewe. Lakini mwambie hivyo mtu aliyezoea kupewa 90 badala ya 100. Atakujibu, "Hiyo 25 imekulwa," na mimi simlaumu. Wakubwa hudhani watu wa namna hii hawajaelimishwa, kumbe wameelimishwa sana, ila na huduma zilizotangulia. Neno 'akiba' lilikuta nafasi yake akilini imeshakaliwa na 'makato'.

Sisi walimu wa lugha nasi tuna lawama zetu. Ilipokuja Pochi la Biashara tulikimbilia ngeli: ni 'pochi la' au 'pochi ya'? Mjadala mtamu, nami nilishiriki. Muuza nguo za mitumba alitaka kujua jambo jingine kabisa, kama pesa za biashara zitatengwa kweli na zake za nyumbani.

Jina ninalolisifu ni Hakikisha. Kabla pesa hazijaondoka, jina la mpokeaji hutokea kwenye simu, na ukiona si lenyewe unasitisha. Kitenzi kimeahidi jambo moja na huduma imelitenda. Sokoni Bungoma utasikia, "Hakikisha jina kwanza," na mwenye simu husimama, akasoma, ndipo akabonyeza.