Vitabu vya Narnia: Ni Uchawi au Ni Mafundisho?



Mama mmoja Mkristu alikuja nyumbani kwa mapadri na kitabu mkononi. Alikishika kwa ncha za vidole, kama mtu anavyoshika kitu kichafu. Mtoto wake alikuwa amekiazima kwa mwenzake wa shule. Juu ya jalada iliandikwa kwa Kifaransa: Le Lion, la Sorcière blanche et l'Armoire magique. Mama alisema hataki jina la mchawi liingie nyumbani mwake, akaomba kitabu kichomwe moto.

Hatukukichoma. Tulimwomba atuachie kwa siku chache, tukakisoma tena, pamoja na vitabu sita ndugu zake, maana vyote ni saba. Tukawauliza pia wasomaji wengine, walimu, wanafunzi na wazazi. Majibu yao yalikuwa ya namna tatu. Wa kwanza walisema: Ni vitabu vya uchawi. Wa pili: Ni uwongo mtupu, tena vinamfananisha Bwana wetu na nyama wa pori. Wa tatu: Vinadharau watu wasio weupe. Basi, tuyapime maneno hayo moja moja, bila hasira.

Mwandishi na habari yake

C. S. Lewis alizaliwa Belfast, katika Ireland, mwaka 1898. Mama yake alikufa kwa ugonjwa wa kansa mwaka 1908, naye alikuwa na miaka 9. Alipokuwa kijana aliacha dini kabisa. Akapigana vita ya 1914-1918, akajeruhiwa, kisha akawa mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford. Mwaka 1931, baada ya mazungumzo marefu ya usiku na rafiki zake wawili, alirudi kwa Kristu. Mmoja wa rafiki hao alikuwa Tolkien, Mkatolika thabiti. Lewis hakuingia Kanisa Katolika. Alibaki Mwanglikana mpaka kufa kwake, tarehe 22 Novemba 1963. Vitabu vya Narnia vilitoka kimoja kila mwaka, tangu 1950 mpaka 1956. Wengi siku hizi wamevijua kwa njia ya sinema iliyotoka mwaka 2005.

Habari ya kitabu cha kwanza ni hii. Wakati wa vita watoto wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wanatolewa London kwa sababu ya mabomu, wanapelekwa shamba kwa mzee mmoja. Katika nyumba ile mna kabati kubwa la nguo. Lucy anaingia ndani, anapita katikati ya makoti, anajikuta katika nchi yenye theluji, ambamo nyama husema. Malkia mchawi ameifunga nchi hiyo katika baridi isiyokwisha, wala Noeli haifiki kamwe. Edmund anadanganywa kwa vitu vitamu na kwa ahadi ya kufanywa mfalme, anawasaliti ndugu zake. Kwa sheria ya kale, kila msaliti ni mali ya mchawi, sharti afe. Ndipo Aslan, Simba mkubwa mwenye nchi, anajitoa afe mahali pake. Wanamnyoa manyoya, wanamfunga kamba, wanamwua usiku juu ya meza ya jiwe. Alfajiri meza inapasuka, na Simba ni mzima. Mkristu aliyekwisha kukesha usiku wa Pasaka hahitaji mtu wa kumfafanulia.

Neno la kwanza: "Ni vitabu vya uchawi"

Ni kweli, mchawi yumo. Lakini hata jina la Shetani limo katika Injili, wala hatuichomi Injili. Lazima tuulize: Je, kitabu kinamfundisha mtoto ampende mchawi na kumfuata, ama amkatae?

Tazameni kitabu cha safari ya merikebu, cha mwaka 1952. Lucy anakuta kitabu cha mganga, anasoma maneno yanayoweza kumsikilizisha rafiki zake wanasema nini juu yake. Anayatamka. Mara anamwona rafiki yake wa shule, aliye mbali, akimsengenya. Moyo wake unachafuka. Aslan anapokuja hamsifu. Anamwambia kwamba kuchungulia watu kwa uganga ni sawa na kuchungulia kwa njia nyingine yoyote. Tena amemhukumu vibaya rafiki yake, ambaye ni mdhaifu lakini anampenda. Basi tuulize: Mtu anayekwenda kwa mpiga ramli anatafuta nini? Anatafuta jambo lile lile alilotafuta Lucy: kujua nani anamsema, nani anamchukia. Naye anarudi nyumbani na jina la jirani au la ndugu, na tangu siku hiyo ugali wa nyumba ile hauliki kwa amani. Hatujui mahubiri mengi yaliyosema jambo hilo wazi kuliko kurasa zile chache.

Tazameni tena kitabu cha mwaka 1955. Kijana Digory ana mama aliye karibu kufa. Mjomba wake ni mtu wa uganga, naye anawatumia watoto kwa majaribio yake kwa sababu ya tamaa ya ukubwa na mali. Digory anatumwa na Aslan kwenda kuchuma tunda katika bustani ya mbali, alilete bila kula. Huko anamkuta mchawi, anayemnong'oneza: Iba tunda moja, mpelekee mama yako, atapona leo hii. Kijana analia, lakini anashika ahadi yake. Anaporudi, Aslan anamwambia kwamba tunda la wizi lingemponya mama kweli, lakini siku ingefika ambapo mama na mtoto wangeona afadhali angekufa. Kisha anampa tunda lingine, na mama anapona.

Ndugu, nani kati yetu hakujaribiwa hivyo? Mtoto ana homa, dawa ya hospitali inakawia, na jirani anakuja usiku kututajia mtu anayejua mambo. Mwandishi alifiwa na mama yake akiwa mtoto, kwa hiyo hakuandika mambo haya kwa mchezo. Wala hasemi kwamba kila anayesali atamwona mgonjwa wake anapona. Anasema tu kwamba kuna namna za kupona ambazo ni mbaya kuliko kifo.

Na Edmund je? Yeye alikosa kweli, kosa kubwa. Lakini hakuna anayemfukuza. Aslan anasema naye peke yao wawili, kisha anawaambia ndugu zake kwamba hapana haja ya kumsemesha juu ya mambo yaliyopita. Hapa tunataka kusema wazi. Katika miji yetu wako watoto waliofukuzwa nyumbani na kupigwa, si kwa kosa lolote, ila kwa sababu mtu mmoja amewaita wachawi. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009, iliyowekwa kumlinda mtoto, inaadhibu jambo hilo. Mzazi anayeogopa neno "mchawi" juu ya jalada la kitabu anafanya vema kuogopa uovu. Lakini aogope zaidi neno hilo likitamkwa juu ya mtoto.

Neno la pili: "Ni uwongo, tena Bwana wetu si nyama"

Mwenye kusema uwongo anataka asadikiwe. Mwenye kutoa hadithi hataki hivyo. Wazee wetu walipotuambia habari za sungura na fisi, hakuna mtoto aliyekwenda porini kuongea na sungura. Lakini wengi walijifunza kwamba mlafi hujinasa mwenyewe. Na Bwana wetu Yezu Kristu, alipotaka kutuonyesha moyo wa Baba, alitoa mfano wa mwana mpotevu. Juu ya simba, tusome Ufunuo wa Yoane, sura ya 5, tutamkuta Simba wa kabila la Yuda.

Lakini hofu ya wasomaji hawa si ya kipumbavu. Mwaka 1955 mama mmoja wa Marekani alimwandikia Lewis kwamba mtoto wake, mwenye miaka 9, anaogopa kwamba anampenda Aslan kuliko Yezu. Lewis alimjibu mama yule kwa upole. Alisema kwamba mambo anayoyapenda mtoto katika Aslan ni mambo aliyoyatenda na kuyasema Yezu mwenyewe; hivi mtoto akidhani anampenda Aslan, kwa kweli anampenda Yezu, labda kuliko alivyompenda mbele. Mahali pengine Lewis alieleza kazi yake hivi: Tuwaze kwamba iko nchi kama Narnia, na kwamba Mwana wa Mungu alikwenda kuikomboa kama alivyokuja kwetu, je, ingekuwaje?

Jibu hili ni zuri, lakini lina sharti lake. Mtoto yule alikuwa na mama aliyemfundisha Injili, ndiyo sababu aliweza kulinganisha. Mtoto asiyejua Injili atabaki na simba tu. Tolkien naye, ingawa alikuwa rafiki, hakuvipenda vitabu hivi. Aliona vimechanganya vitu visivyopatana: mizimu ya Wagiriki wa kale, nyama wenye kusema, na Baba Noeli pamoja. Yeye katika kitabu chake kikubwa cha 1954-1955 aliificha dini ndani kabisa. Wenye safari wanaondoka tarehe 25 Desemba, na pete ya uovu inaangamia tarehe 25 Machi, siku ya Kupashwa Habari Maria, lakini msomaji asiye mwangalifu hatatambua neno. Sisi tunampa Tolkien haki yake: kazi yake imejengwa kwa uangalifu zaidi. Lakini ni ndefu na ngumu. Kwa mtoto wa miaka 10 tungeanza na Lewis.

Neno la tatu: "Vinadharau watu wasio weupe"

Neno hili ni zito kuliko yote, nasi hatutalifunika. Kusini mwa Narnia, ng'ambo ya jangwa, iko nchi ya Calormen. Watu wake wana nyuso nyeusi-nyeusi, wamevaa vilemba, wana panga zilizopinda. Wengi wao ni wenye kiburi na wakatili, tena wanauza watumwa. Katika kitabu cha mwisho vibete wanawatukana kwa rangi ya ngozi yao. Watu wa Narnia ni weupe na wazuri. Msomaji wa Afrika anaona upesi picha ya zamani ambayo watu wa Ulaya waliichora juu ya wageni. Ni kosa, na mtoto wetu aambiwe kwamba ni kosa.

Hata hivyo, kitabu chenyewe kinashindana na picha hiyo. Aravis, msichana wa Calormen, ni mmoja wa watu hodari wa kitabu cha 1954. Na katika kitabu cha mwisho yuko Emeth, askari kijana wa Calormen. Tangu utoto wake amemwabudu Tash, mungu wa nchi yake, kwa moyo safi. Anapokutana na Aslan anadhani atauawa. Aslan anampokea kama mwana, na kumwambia kwamba mema yote aliyoyafanya kwa ajili ya Tash yamehesabiwa kama amemfanyia yeye. Na mtu anayetenda ukatili kwa jina la Aslan, kwa kweli anamtumikia Tash.

Kitabu hicho kilitoka mwaka 1956. Miaka minane baadaye, mwaka 1964, Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha katika hati juu ya Kanisa, namba 16, kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujaribu kutenda mapenzi yake kama dhamiri inavyowaonyesha, waweza kupata wokovu. Wakristu wengi wametuuliza kwa uchungu: Mababu zetu waliokufa mbele ya Injili kufika, wako wapi? Wakisoma habari ya Emeth watapata faraja.

Lakini tusiielewe vibaya. Katika kitabu kile kile yuko sokwe mmoja mjanja. Anamvika punda ngozi ya simba, anamweka gizani ndani ya kibanda, kisha anawaambia watu: Aslan amerudi, mimi ndimi msemaji wake. Kwa jina la Aslan anawatoza mali na kuwauza watumwa. Mwishowe anasema kwamba Aslan na Tash ni mmoja. Emeth hasemi hivyo. Emeth aliutafuta ukweli. Sokwe alitafuta faida. Na sisi, tumekwisha kuwaona wangapi walio na ngozi ya simba mkononi, wanaonyesha kidogo usiku na kukusanya pesa mchana?

Kwa wenye kutaka kujua moyo wa Lewis juu ya mataifa, tunataja pia kitabu chake cha safari ya sayari ya Marsi, cha mwaka 1938. Humo mtaalamu mmoja wa Uingereza anawatolea wenyeji wa Marsi hotuba kubwa juu ya ustaarabu na maendeleo. Mwenzake anaitafsiri katika lugha ya wenyeji kwa maneno mepesi, na hotuba yote inageuka kuwa: Tutawaua na kutwaa nchi yenu. Mkongo anayejua historia ya nchi yake atacheka, kisha ataacha kucheka.

Shauri letu

Basi, tunasema nini? Vitabu hivi vina kosa moja kubwa, ambalo tumelitaja, na vina chakula kingi cha roho. Visichomwe. Vianzwe kwa kitabu cha Simba, kilichotoka kwanza, ingawa siku hizi wachapishaji wanakihesabu kuwa cha pili. Visisomwe na mtoto peke yake gizani, bali pamoja na mtu mzima mwenye kuulizwa na kujibu, na Injili iwe karibu.

Yule mama alirudi. Tulimpa kitabu chake, tukamfungulia ukurasa wa meza iliyopasuka. Alisoma kwa kusimama, halafu akaomba kiti. Asiyekubaliana nasi na atuandikie, tutampima kwa mizani ile ile.