Juu ya Neno "Nice"

Katika lugha ya Kiingereza liko neno dogo la sifa, "nice", ambalo hutumwa kazi kila siku kuliko maneno mengi yaliyo makubwa kwa umbo na kwa heshima. Chakula husifiwa kwa neno hilo, na jua la asubuhi, na kiatu kipya, na mama mkwe. Huenda wewe, msomaji, umeliandika mara tatu katika insha moja, na daftari likarudi kwako lina mstari mwekundu chini ya neno hilo kila lilipotokea. Walimu wa Kiingereza hawalipendi. Mimi ni mwalimu, na wino mwekundu ninao. Hata hivyo nadhani neno hili limehukumiwa kabla ya shauri lake kusikilizwa mpaka mwisho.

Nasaba yake si ya kujivunia. Katika Kilatini neno "nescius" lilikuwa na maana ya mtu asiyejua. Kifaransa cha kale kilirithi neno hilo kwa umbo fupi, kikamwita mpumbavu kwalo, na kwa maana hiyo hiyo likaingia katika Kiingereza yapata mwaka 1300. Aliyeitwa "nice" siku zile alikuwa ametukanwa. Baadaye maana ikaanza kuhama. Neno lilisemwa juu ya mtu mwenye haya nyingi, na juu ya mtu mchaguzi asiyeridhika upesi na nguo wala chakula, na juu ya jambo linalotaka uangalifu mkubwa. Maana ya kupendeza, ambayo ndiyo tuliyofundishwa wewe na mimi, ilishika mizizi katika karne ya 18.

Labda utasema kuwa hayo ni mambo ya wafu. Fungua basi mchezo wa Shakespeare juu ya Romeo na Juliet. Padri Laurence alimpa padri mwenzake barua ampelekee Romeo katika mji wa Mantua. Barua haikufika, kwa kuwa mchukuzi alifungiwa katika nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni. Padri Laurence aliposikia habari hiyo alifadhaika, akasema kwamba barua ile haikuwa "nice". Mwanafunzi ajuaye maana ya leo tu atadhani padri asema barua haikupendeza. Na kwa kuwa ilihusu mambo ya kaburi, ataridhika na kupita. Sivyo. Padri asema kwamba barua haikuwa jambo dogo la kupuuzwa. Roho mbili zilikuwa zimening'inia juu ya karatasi ile, na mzee ametambua kuwa uzi umekatika. Asiyeijua maana ya zamani hupita karibu na hofu hiyo asiione.

Mashtaka makubwa juu ya neno hili yamo katika riwaya ya Jane Austen iitwayo Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1817, miezi michache baada ya mwandishi kufariki. Catherine Morland, msichana wa miaka kumi na saba, anatembea juu ya kilima karibu na mji wa Bath pamoja na kijana Henry Tilney na dada yake Eleanor. Catherine amesoma riwaya ya kutisha ya Ann Radcliffe juu ya ngome ya Udolpho, na imemkosesha usingizi kwa furaha. Anaisifu kwa neno "nice", tena kwa kiasi kilicho juu ya vitabu vyote. Henry anamdhihaki: bila shaka anasifu unadhifu wa kitabu, na hilo ni jambo la jalada! Msichana anapojitetea, kijana anakubali kwa mzaha, akaipa siku ile, na matembezi yale, na wasichana wote wawili, sifa ile ile moja. Neno lililokuwa la unadhifu na adabu, asema, sasa latumika kusifu kila kitu.

Walimu wengi hupenda kukomea hapo, kwa kuwa Henry asema yale ambayo wao wenyewe wangesema. Lakini Austen hakukomea hapo. Eleanor anamgeukia ndugu yake na kumwambia kuwa neno hilo lamfaa yeye, na si kwa kumsifu: uchaguzi wake umezidi busara yake. Msichana huyo ametwaa maana ya zamani, ile ile ambayo ndugu yake alijidai kuilinda, akampiga nayo. Kisha anamwalika Catherine wamwache na maneno yake safi, nao wasifu kitabu kwa maneno wayapendayo. Mimi naona Eleanor ndiye mshindi. Henry alisikia neno asisikie furaha, na furaha ya Catherine ilikuwa ya kweli.

Je, nikuache basi uandike upendavyo? La. Catherine alikuwa akisema, na wenzake waliuona uso wake. Mtu asemapo, sauti yake hulisaidia neno maskini. Mwingereza aliyemwaga wino juu ya meza aweza kuambiwa kuwa kazi yake ni "nice", na hakuna asiyejua kuwa amekemewa. Karatasi haina uso. Ukiandika kwamba mjomba wako ni mtu wa namna hiyo, mimi nisiyemjua siwezi kujua kama ni mkarimu, au mcheshi, au mpole, au nadhifu wa mavazi, au kama wamwogopa tu. Umenipa mlango uliofungwa ukaniambia kuna nyumba nyuma yake.

Usidhani kuwa sisi hatuna neno la namna hii. Mtu huulizwa habari za nyumbani, naye hujibu "Nzuri", huku paa lavuja na mtoto ana homa. Hakudanganya, amefungua mazungumzo kwa heshima, na habari zenyewe zitafuata akikaribishwa kitini. "Nice" nalo hufanya kazi hiyo ya heshima katika vinywa vya Waingereza, na katika kazi hiyo sioni la kulilaumu.

Ukitaka kulipima neno hili, jaribu kulifasiri. Mtu "nice" kwetu aweza kuwa mwema; hewa ikawa shwari; embe likawa tamu; tofauti ambayo wanasheria huiita kwa neno hilo, ikawa nyembamba kama unywele. Lakini Mwingereza akipokea chai akasema kwa neno hilo kuwa ni ya moto, hajaisifu ladha yake. Asema kuwa moto wake umefika pale alipoutaka. Hapo "nzuri" haifai kabisa. Mimi ningesema chai ni ya moto barabara, na mwanafunzi mwenye neno bora na alilete.