Kufufua Ndiva: Nani Anashika Zamu?

Kila inapozungumzwa habari ya ukame katika wilaya za Same na Mwanga, hutajwa dawa ileile: kufufua ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la Wapare, lililojengwa kwenye njia ya mfereji ili likusanye maji ya kijito usiku na kuyafungulia mashambani asubuhi. Dawa hiyo ni nzuri, na makala hii haikusudii kuipinga. Inakusudia kukosoa namna inavyoelezwa, maana maelezo mengi huanzia kwenye tope na kuishia kwenye saruji, na mkulima mwenyewe hasikiki mle ndani isipokuwa kama nguvukazi.

Tuanze na kazi ya bwawa lenyewe, kwani kada asiyejua hesabu ya maji hawezi kueleza siasa ya maji. Tuchukue mfano wa kijito kinachotoa lita 5 kwa sekunde. Kikiachwa kitiririke katika mfereji wa udongo, sehemu kubwa ya maji hunywewa na ardhi kabla ya kufika shamba la mwisho. Kikizuiwa kwa saa 12 za usiku, hukusanyika lita 216,000, yaani mita za ujazo 216. Maji hayo yakifunguliwa kwa muda wa saa 4, bwawa hutoa lita 15 kwa sekunde, na mkondo wa nguvu hiyo hufika mbali. Ndiva haizai tone hata moja. Inaokoa maji ambayo yangepotea watu wakiwa wamelala.

Lakini hesabu hiyohiyo inasema jambo la pili, ambalo wenye miradi hawapendi kulitaja. Kulowesha shamba kwa kina cha milimita 50, mita za ujazo 216 hutosha ekari moja na kidogo. Usiku mmoja, ekari moja. Wenye mashamba wakiwa 60, kila mmoja na ekari yake, zamu ya mtu hurudi baada ya miezi miwili, na mahindi yanayotoa mbelewele hayawezi kungoja miezi miwili. Tope likijaza nusu ya bwawa, hata ekari hiyo inakuwa nusu. Basi ni dhahiri kwamba anayepanga zamu ndiye anayeamua nani atavuna, awe amechaguliwa au hakuchaguliwa.

Zamani jambo hili lilikuwa wazi. Huko Kighare, katika Usangi, chini ya msitu wa Kindoroko, na kwingineko Upareni, mfereji na ndiva vilikuwa chini ya ukoo uliovichimba. Wazee wa ukoo ndio waliogawa maji, na wengine waliomba. Wako wenzetu wanaoutaja utaratibu huo kana kwamba ulikuwa usawa mtupu. Haukuwa. Mgeni alipata maji kwa hisani, na mwanamke aliyelima maharage hakuwa na kiti penye kugawa zamu. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja tusiyopaswa kuidharau: mhusika alijulikana. Ilipopigwa mbiu ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuondoa tope, asiyefika alijua atakayoyakosa.

Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ikaweka madaraka ya kijiji mikononi mwa serikali ya kijiji. Hatua hizo zilikuwa za haki. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mali ikiitwa ya wote imekwisha kuwa ya wote. Mahali pengi mzee wa ukoo alinyang'anywa amri bila kamati kupewa nguvu, na bwawa likabaki katikati, likijaa tope.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mpango wa kuboresha umwagiliaji wa asili, uliosaidiwa na shirika la SNV la Uholanzi, ulianza kukarabati mifereji na ndiva. Kazi hiyo ilifaa. Lakini saruji huziba mvujo tu. Tope linatoka kwenye mteremko uliolimwa bila makinga maji, na mwenye mteremko huo mara nyingi hanywi wala hamwagilii kutoka ndiva hiyo. Huwezi kumwajibisha kwa jambo asilofaidi. Katika bonde la Makanya, wilayani Same, wakulima wa Vudee juu na Bangalala chini wamelazimika kupatana kuhusu kijito kimoja, na anayefungua bwawa Bangalala anategemea alichokiacha wa Vudee. Mpango unaochora ndiva moja bila kuchora majirani zake umechora nusu.

Kuna na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani hutoa vibali kwa ada. Bonde hilohilo lina bwawa la Nyumba ya Mungu, lililokamilika mwishoni mwa miaka ya 1960, ambalo maji yake huendesha mitambo ya umeme. Mkulima wa mlimani huambiwa anapoteza maji ya taifa, wakati ndiva yake ndiyo inayazuia yasipotee mferejini. Hapana budi aelezwe ada hiyo inafanya nini. Wapare hawa ndio walioandamana kwa maelfu hadi Same mwaka 1945 kupinga kodi ya mbiru. Hawakukataa kulipa, walikataa kukadiriwa bila kuulizwa.

Linabaki suala la mikono, na hapa ndipo ningependa wanafunzi wetu wachimbe zaidi. Vijana wengi wa milimani wamekwenda mijini. Siku ya msaragambo wanakuja wazee na akina mama. Kamati huweka faini kwa asiyefika, na faini inaonekana kuwa haki kwa sababu ni sawa kwa wote. Lakini mwenye mtoto Dar es Salaam hutumiwa fedha, akalipa, akabaki na zamu yake. Mjane asiye na mtu wa kumtumia hupoteza zamu mara mbili, halafu ya tatu inaandikwa jina la jirani, na mwaka unaofuata hakuna anayekumbuka kwamba zamu ile iliwahi kuwa yake.