Mafundi Wasio na Haraka
Tangu Faema ya Milan ilipotoa E61 mwaka 1961, mashine ya espresso yenye pampu inayosukuma maji kwa baa 9 hivi, wapo mafundi wanaofufua mashine za aina hiyo. Nawapongeza hasa kwa wasiyoyafanya. Hawawashi umeme kabla boila haijajaa maji, maana hita ikiwaka kavu huungua. Vali ya usalama ikivuja hawaizibi, wanaibadilisha. Na boila huipima kwa maji baridi, si kwa hewa: maji hayashindiliki, hivyo penye ufa yatachuruzika tu, ilhali hewa iliyoshindiliwa hulipuka na kurusha vyuma. Kisha hukagua waya wa kupeleka umeme ardhini. Wenye mikahawa hulalamika wanacheleweshwa. Walalamike.